Tupeane uzoefu: kokteli ya matunda yenye gesi kwa Pasaka, mnaitengenezaje nyumbani?

Mama Jagi, Ntinda

Wapendwa, Pasaka hiyo inakaribia. Ulaya huwakuta watu ndiyo kwanza wanatoka kwenye baridi, maua yanachanua, nao hufungua divai yenye mapovu wakaichanganya na matunda. Sisi hapa Uganda inatukuta na mvua za masika, lakini nanasi la Kayunga na la Luwero liko sokoni, pasheni ziko, tangawizi iko. Sioni sababu ya kuwapa wageni juisi ya boksi. Naanza mimi, nanyi mniambie yenu.

Kwangu gesi huingia mwisho kabisa. Usiku wa kuamkia sikukuu nasaga nanasi lililoiva pamoja na kipande cha tangawizi, nachuja kwa kitambaa safi, naweka kwenye friji. Asubuhi povu limepanda juu, naliengua lote. Msilidharau jambo hili. Maji ya gesi yakikutana na nyuzi na chembe za tunda hufoka, gesi yote ikakimbia, na mgeni akifika mezani anakuta kinywaji kimepooza. Juisi iwe safi na ya baridi sana, na maji ya gesi yawe baridi vilevile, kwa kuwa kinywaji baridi hushika gesi kuliko chenye uvuguvugu. Naweka juisi kama theluthi ya glasi, nainamisha glasi, namimina gesi polepole ubavuni, kisha nainua mara moja tu kwa kijiko kirefu kutoka chini. Hakuna kukoroga.

Barafu ya maji siitumii. Nagandisha juisi yenyewe kwenye vibati vya barafu; ikiyeyuka, ladha haipungui.

Na mezani ni jagi mbili daima. Ya kwanza haina kileo hata tone: ya watoto, ya walokole, na ya shemeji zangu Waislamu. Hiyo ndiyo naipamba zaidi, naitia mnanaa na vipande vya ndimu, asiyekunywa pombe asijione amepewa masalio.

Bint Bombo

Dada, Mungu akubariki kwa hilo la jagi mbili. Nimekaa harusini na soda ya moto mkononi huku wenzangu wanaletewa glasi zilizopambwa, kwa hiyo najua unachosema.

Kwetu kwa Idi ni karkade, kinywaji cha maua ya haibiskasi. Naloweka maua makavu kwenye maji baridi usiku kucha, nachuja, natia maji ya pasheni na sukari iliyoyeyushwa kwa maji ya moto, kikombe kwa kikombe. Gesi juu yake wakati wa kunywa. Rangi yake nyekundu inamvuta hata mtoto mwenye kudeka. Pasheni msiisage mpaka mbegu zivunjike, inakuwa na uchungu. Sugua kwa kijiko juu ya chujio, inatosha.

Barmeni wa Entebbe

Nazungumza kutoka kazini. Hiyo ya Ulaya inayosifiwa sana inaitwa Bellini, asili yake baa ya Harry's Bar mjini Venice, Italia. Ni rojo la pichi na divai ya Prosecco, sehemu moja ya rojo kwa mbili za divai. Pichi hapa ni adimu na bei yake inauma. Nimejaribu papai lililoiva lenye maji ya ndimu, na nawaambia kwa dhati, linakaribia sana, kwa sababu lina ulaini uleule. Pasheni nayo inapendeza, ila ni kali, iongezewe shira ya sukari. Tunda kwanza, divai baadaye.

Kufungua chupa: presha iliyo ndani ya chupa ya shampeni ni karibu mara tatu ya tairi la gari. Usiielekeze kwa mtu. Funika kizibo kwa taulo, kishike imara, kisha zungusha chupa, siyo kizibo. Kitoke kwa pumzi ndogo tu. Kukirusha hadi darini kunamwaga gesi uliyoilipia.

Jirani wa Kisaasi

Umeme ukikatika mchana wa sikukuu: beseni, barafu, maji na chumvi ya kutosha. Chupa zinapoa haraka kuliko kwenye friji.

Mzee wa Masaka

Wanangu, maganda ya hayo mananasi mnayapeleka wapi? Yaosheni vizuri, yachemsheni na tangawizi na majani ya chai kidogo, mtie sukari, mchuje. Hiyo ni munanansi, na nyumba hii haijawahi kupokea wageni bila hiyo. Wengine huiacha siku mbili tatu ichachuke, ikapata mapovu yake yenyewe. Ni tamu, lakini tumieni chupa ya plastiki na mlegeze kifuniko kila siku. Chupa ya kioo inaweza kupasuka. Na Bint Bombo, mwanangu, hiyo iliyochachuka ina kileo kidogo. Wewe kunywa ile ya siku ileile.

Kijana wa Jinja

Mama Jagi, ile jagi ya pili, ya kileo, waragi, ile pombe kali yetu, inafaa?

Mama Jagi, Ntinda

Inafaa sana na nanasi, mwanangu, lakini iwe ya kiwandani, chupa imefungwa vizuri na umeifungua wewe mwenyewe. Ya kienyeji isiyojulikana ilikotoka usiilete kwenye meza yangu wala yako. Inaweza kuwa na methanoli, na methanoli hupofusha na kuua. Mwaka 2010 huko Kabale watu wengi walikufa kwa pombe ya namna hiyo. Pima kifuniko kwa kifuniko, usimimine kwa macho, maana utamu wa nanasi huficha ukali wake.

Mzee wa Masaka, asante. Majani ya chai unayatia mwanzo wa kuchemsha, au ukishaipua?