Kuomba chuo: mwenyewe kwa simu, steshenari, au mtu wa kumlipa?

MtuWaNansio:
Wakuu, habari zenu. Matokeo ya kidato cha sita yametoka, mdogo wangu wa kike kapata C, C na D kwenye HGE (History, Geography, Economics). Tunashukuru. Yeye yuko nyumbani kisiwani Ukerewe, mimi niko Mwanza kwenye kazi ambayo napumzika Jumapili tu. Enzi za kuomba kwa pamoja kupitia TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) zilishapita, sasa kila chuo kivyake, na mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) nao kivyake. Nina njia tatu:

1. Ajaze mwenyewe kwa simu, mimi nimtumie bando na hela za kulipia.
2. Aende steshenari pale Nansio mjini, huko huko Ukerewe, wamjazie.
3. Kuna kijana hapa mjini anachukua 50,000, anafanya vyote, chuo na mkopo, "wewe unasubiri majibu tu".

Kwa jinsi nilivyobanwa naelekea ya tatu. Mnasemaje?

Kipanga88:
Ya tatu achana nayo. Mwaka wangu nililipa 10,000 kwa kila chuo, kwa hiyo hiyo hamsini ingetosha maombi ya vyuo vitano. Fomu yenyewe ni namba ya mtihani, majina, simu, kozi unazotaka kwa kuzipanga. Mtu aliyetoka Advance na C mbili anashindwaje?

Alama zake wala msiogope: C 3, C 3, D 2, jumla 8. Kiwango cha chini cha digrii ni pointi 4 kwa masomo mawili. Shida ni ushindani tu kwenye kozi zinazokimbiliwa.

MtuWaNansio:
Hashindwi, mkuu. Simu yake ndiyo kimeo, na mtandao kule kijijini unapatikana chini ya mwembe mmoja.

Bi_Rehani:
Mdogo wangu, nikwambie yaliyomkuta mwanangu. Tulimpeleka steshenari, akajaziwa vizuri, risiti tukapewa. Majibu yakatoka, kachaguliwa vyuo viwili. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja lazima uthibitishe unakokwenda, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu uliyojazia fomu. Tukasubiri ujumbe siku tatu, kimya. Kumbe yule kijana wa steshenari alijaza namba yake mwenyewe, na si kwa mwanangu tu, kwa wateja wake wote! Nikamkuta ana meseji za watoto wa watu zimejipanga kwenye simu kama foleni ya maji. Tulithibitisha jioni ya siku ya mwisho, moyo uko mdomoni.

Steshenari nendeni, sikatazi. Ila namba ya simu na barua pepe viwe vya mtoto.

MzeeWaPrinta:
Mimi ndio hao mnaowasema, nina steshenari mwaka wa tisa. Dada Rehani, pole, huyo alikosea sana. Lakini msituweke kapu moja. Watoto wengine wanakuja hawana barua pepe, laini imesajiliwa kwa jina la mjomba, paswedi waliyoweka jana hawaikumbuki. Utafanyaje, na nyuma kuna watu kumi na watano?

Tena Kipanga anaongelea fomu ya chuo tu. Ya mkopo ni habari nyingine. Ile unaichapa, unasaini, mdhamini anasaini, uongozi wa mtaa au kijiji unagonga muhuri, kisha inakwenda kwa wakili au hakimu, halafu kurasa zilizosainiwa unaziskani na kuzipakia tena. Simu haigongi muhuri. Na ukipiga picha kwa simu usiku chini ya taa, muhuri unatoka kama doa la chai. Ada ya HESLB yenyewe ni 30,000, msiichezee kwa kuokoa mia tano ya kuskani.

Kipanga88:
Hapo kwenye mkopo nakubali, mzee.

Mwl_Bukoba:
Nimekuwa mwalimu wa taaluma miaka mingi. Mnabishana nani abonyeze, wakati wanaokwama wengi hukwamia kwenye makaratasi. Kabla hajagusa fomu yoyote, akae mezani na cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne, asome majina herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya kuombea mkopo, na kama mzazi amefariki, cha kifo pia. Hilo lilipaswa kufanyika hata kabla ya matokeo, ila bado hamjachelewa.

La pili, namba ya kidato cha nne. Kama alirudia mtihani ana namba mbili. Atakayoitumia chuoni iwe hiyo hiyo ya HESLB. Nimeona mtoto ana chuo, ana sifa, mkopo haumfikii kwa sababu kwenye mifumo miwili anaonekana watu wawili.

La tatu ni daftari. Ukurasa mmoja kwa kila chuo: paswedi, tarehe aliyolipa, namba ya malipo, kozi alizopanga. Naambiwa ni ushamba, lakini daftari haliishi chaji.

Pwani_Mchangamwe:
Kwetu Kenya KUCCPS, wanaopangia wanafunzi vyuo, ni mlango mmoja, unaingia kwa namba ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na paswedi ya mwanzo ni namba ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE, mtihani wa darasa la nane. Sasa hebu fikiria umemwachia mtu wa saiba kafe namba zote hizo. Akitaka anaingia usiku akubadilishie kozi. Mimi niliketi ubavuni mwake nikaandika paswedi mpya kwa mkono wangu.

Mchanga_wa_Unguja:
Kwa wanaosoma hapa na wamezaliwa Zanzibar: sisi uhakiki wa cheti si RITA, ni ZCSRA, wakala wa usajili wa Zanzibar. Nilipoteza wiki nzima kwa hilo.

MtuWaNansio:
Ahsanteni sana. Yule wa hamsini elfu nimemwambia asante. Binti atakwenda Nansio na laini yake, atajaza mwenyewe vyuo vitatu kwenye kompyuta ya pale, ya mkopo atachapa na kuskani hapo hapo.

Ila Mwalimu, umenitoa jasho. Nimempigia akae na vyeti kama ulivyosema. Cha kuzaliwa jina lake lina "z", cha kidato cha nne lina "s". Miaka kumi na tisa hakuna aliyeona.

Mwl_Bukoba:
Hiyo ni ya kiapo, na inatibika. Apande meli aje Mwanza mwende kwa wakili, na vyeti vyenyewe mkononi, si nakala. Na Jumapili yako haitakusaidia, omba ruhusa siku ya kazi.