Nimepewa darasa la uanafunzi, lakini kanisa halina wazee. Nikubali?

MamaTembwa:
Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni mshirika wa kanisa moja dogo la kiroho hapa Kaptembwa, Nakuru, huu mwaka wa saba. Jina la kanisa naliacha. Jumapili nzuri tunafika watu 120. Mvua ikinyesha tunabaki nusu, na hao nusu hawasikii neno kwa kelele za mabati.

Wiki mbili zilizopita pasta aliniita baada ya ibada, akasema Bwana amemwonyesha kwamba mimi ndiye nitakayesimamia darasa la uanafunzi, lile la kuwakuza waliookoka. Ningefurahi, ila najua kiti hicho kimeachwaje wazi. Mzee aliyekuwa nacho hakuiba wala hakuanguka dhambini. Aliuliza tu kwenye kikao pesa za kununua kiwanja zimefika ngapi. Jumapili iliyofuata jina lake halikusomwa kwenye orodha ya huduma, na halijasomwa tena. Tulikuwa na wazee watano. Wawili walihamia kwingine, mmoja alifariki, wa nne ni huyu aliyeuliza, na aliyebaki ni mkwe wa pasta. Mweka hazina ni mama mchungaji. Nafasi hazijajazwa.

Darasa lenyewe ni la wiki kumi na mbili: kijitabu, maswali ya kujaza mapengo, kisha mahafali. Mwaka jana tulikodi majoho kabisa. Watu 37 walipewa vyeti vilivyotiwa plastiki, kila mmoja alilipa shilingi 800, picha zikapigwa chini ya yale maandishi ya buluu ukutani yanayosema tukawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi. Juzi nilichukua daftari la mahudhurio nikahesabu. Wanaokuja mpaka leo ni 11.

Mmoja wa waliopotea ni kijana wa bodaboda. Nilimpanda kutoka stejini nikamuuliza mbona haonekani. Akanijibu bila hasira: "Mama, tangu nichukue cheti hakuna aliyeniuliza hata kama nimekula." Tulipofika alifungua kiti cha pikipiki akanionyesha. Cheti kiko pale chini, pamoja na karatasi za bima na kitambaa cha kupangusia matope.

Nikikubali, nakalia kiti cha mtu aliyeonewa. Nikikataa, darasa linakwenda kwa mkwe, na wale wanane waliookoka Pasaka watapita njia hiyo hiyo. Mume wangu anasema tuhame. Mimi moyo unakataa. Mamangu alipofariki, watu wa kanisa hili walichanga mpaka gari la kumpeleka Kakamega likapatikana, na wengine walikesha nami safari nzima. Nishaurini.

kijana_58:
Kanisa la baba, mama na mkwe ni duka la familia. Hama.

Mzee wa Kaimosi:
Kijana, ni rahisi kusema hama kama hujazikiwa mtu na hao unaowahama.

Mama, mimi ni wa kanisa la Friends, Marafiki kwa Kiswahili. Wamisionari wetu watatu walifika Kaimosi mwaka 1902, na kufikia 1946 tulikuwa na Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, ndicho chombo cha juu kinachounganisha makanisa yetu. Kwetu jambo huletwa kwenye mkutano wa mwezi. Karani anasikiliza, anaandika kile mkutano umeelekea, na hatupigi kura. Tusipoelewana linaahirishwa. Nimewahi kukaa kikao cha kununua viti tangu asubuhi mpaka chai ikaisha mara mbili. Inachosha! Na usidhani ni dawa ya kila kitu, maana na sisi tumegombana, Mkutano wa Mwaka mmoja ukagawanyika ukawa mingi.

Lakini pale kila mtu anajua jambo lake atalipeleka wapi. Mzee wenu aliuliza swali halali akaonekana mkorofi kwa sababu kanisa lenu halina mahali pa kuulizia.

Pasta wa Njoro:
Naomba niwatetee wachungaji kidogo. Nachunga watu kama themanini huku Njoro, na siku za kazi nauza mbegu za viazi. Wazee nilikuwa nao. Kikao ni saa nane, wao wanafika saa kumi, mmoja anasinzia. Kodi ya ukumbi inadaiwa, kuna mgonjwa, kuna maziko. Nikaanza kuamua peke yangu, nikazoea. Mambo haya huanza kwa uchovu, udikteta unakuja nyuma yake. Hazina nilimpa mke wangu kwa sababu ndiye niliyemwamini. Siku mshirika alipouliza hesabu, niliona ameniita mwizi mbele za watu, na sikumsalimu mwezi mzima.

Siku hizi sadaka inahesabiwa na watu watatu wasio jamaa yangu, pale pale mezani, inaandikwa kabla haijatoka hapo, na jumla inasomwa Jumapili inayofuata. Tangu hapo nalala.

Sijui pasta wako ni yule aliyechoka au ni yule mwenye njaa. Kama amechoka, mwendee faraghani na mtu mmoja mnayemheshimu nyote wawili. Kutoka 18, Musa naye alikuwa anaamua kesi peke yake kutwa, na aliyemwambia kazi hiyo itamchosha alikuwa mkwewe. Kwa hiyo msiwachukie wakwe wote.

Nyar Manyatta:
Mimi Mkatoliki, Kisumu. Darasa la vyeti silijui, lakini jumuiya ndogo ndogo nazijua. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970. Yetu ina nyumba kama kumi na tano. Tunasoma Injili ya Jumapili ijayo kwa mtu, viti vya kuazima, watoto wanapita katikati. Usipokuja, anayegundua ni jirani yako, tena jioni hiyo hiyo anabisha hodi. Padre akihamishwa, jumuiya inabaki. Shida yetu ni wanaume, hawaji mpaka kuwe na msiba.

Karani mstaafu:
Kanisa lililosajiliwa kwa Msajili wa Vyama liko chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108. Sheria hiyo inataka mkutano mkuu wa wanachama kila mwaka na hesabu iwekwe mbele yao. Katiba mnayo pia, hata kama imelala kabatini, maana husajiliwi bila katiba. Itafute uone wazee wanachaguliwaje.

Ila usianze na sheria. Tangu Shakahola mwaka 2023, pale miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilipofukuliwa, wachungaji wengi wadogo wanahisi serikali inawawinda wote. Ukitaja msajili siku ya kwanza, utaambiwa umetumwa.

Mwalimu wa Jumapili, Kakamega:
Kijitabu hakina kosa, wanafunzi wangu wanakipenda. Lakini soma Marko 3:14. Yesu aliwaweka wale kumi na wawili kwanza wawe pamoja naye, kisha ndipo awatume. Miaka mitatu barabarani, wakila pamoja, na bado walibishana nani mkubwa. Sisi tunataka kuwamaliza kwa wiki kumi na mbili na joho.

kijana_58:
Mzee wa Kaimosi, nimekubali kofi. Lakini nina swali: yule mzee aliyesimamishwa, kuna mtu ameenda kumwona?

MamaTembwa:
Hapana. Hata mimi sijaenda. Nimeona aibu kusoma swali lako.

MamaTembwa (siku tisa baadaye):
Wapendwa, nimerudi. Nilimwendea mzee na mkate na sukari. Nilidhani nitakuta mtu mwenye uchungu, nikakuta anashona nyavu za kuku. Tulizungumza mambo ya kuku kwanza, kisha akaingia ndani akatoka na daftari lake, lile la shule la kurasa 96. Majina yote 37 yamo. Pembeni ameandika kwa kalamu ya risasi: huyu mgongo unamsumbua, huyu mke amejifungua, huyu ameachishwa kazi kwenye maua. Mengine yana alama ya vema: hao aliwafikia kwa baiskeli kabla ya kusimamishwa. Nikahesabu alama. Ziko 13. Kati ya wale 11 wanaokuja hadi leo, kumi wana alama.

Kwa pasta nilikwenda na mama mmoja mkongwe wa kanisa. Nilimwambia nitalichukua darasa, lakini bila mahafali, bila ada, na tukutane majumbani. Hayo alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Nikamwomba mzee arudishwe, akanyamaza. Nikataja hesabu ya kiwanja, akasema tutaombea jambo hilo. Yule mama mkongwe akamwambia, "Pasta mwanangu, tutaomba, na karatasi ya hesabu iwe mezani tukiomba." Pasta alicheka kidogo. Sijui kicheko kile ni cha aina gani. Pasta wa Njoro, nafikiri huyu wetu amechoka, lakini siapi.

Alhamisi tumeanza kwangu, wanane wa Pasaka wakaja sita. Yule kijana wa bodaboda nilimpigia akafika tumeshamaliza, akanywa chai mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi, akaondoka na abiria. Mume wangu bado anataka tuhame, ila ndiye aliyeazima viti.

Pasta wa Njoro, ile karatasi mnayojaza mkihesabu sadaka imepangwaje? Ukiweza uniandikie hapa vichwa vya safu zake, nataka nimwonyeshe pasta ikiwa tayari.