MJADALA: Shilingi ikipanda thamani, mkulima wa korosho anafaidika au anaumia?

Mtoa mada (Mtwara)

Wadau wa Kusini habari zenu. Kila shilingi ikiimarika tunasikia pongezi, wachumi wanafurahi, Benki Kuu inafurahi, na mimi sibishi kwamba faida ipo. Ila kuna upande huku kwetu hauzungumzwi kabisa na unaniuma. Korosho ghafi ya Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa inapakiwa kwenda India na Vietnam, na mnunuzi wa huko hesabu yake yote anaipiga kwa dola, akija mnadani anaweka bei kwa shilingi lakini kichwani ana dola. Kwahiyo dola ikishuka, shilingi anazoweza kuweka kwa kilo zinapungua hata kama soko la dunia halijasogea hata senti moja.

Chukueni mfano tu wa hesabu. Mnunuzi ana dola moja na nusu kwa kilo. Dola ikiwa 2,700 hiyo ni shilingi 4,050. Dola ikiwa 2,450 inakuwa 3,675. Tofauti 375 kila kilo, mwenye tani mbili zimeshamtoka 750,000 kabla makato ya ushirika hayajaguswa, na hapo hakuna aliyemwibia, hakuna kangomba (walanguzi wanaonunua nje ya mnada), ni bei ya dola tu. Halafu anaambiwa "soko limeshuka" basi, anarudi nyumbani anamlaumu katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima.

Na kuna jambo linaloniumiza zaidi. Shilingi yetu ina msimu kama mazao. Nusu ya kwanza ya mwaka dola zinakuwa chache, shilingi inalegea, nusu ya pili zinaingia za watalii, tumbaku, dhahabu na korosho yenyewe, shilingi inakaza. Mwishoni mwa 2024 ilitoka karibu 2,700 ikaenda kuelekea 2,400, mwaka 2025 mwezi wa nne na wa tano ilikuwa imelegea tena kufika Oktoba imekaza. Sasa korosho tunauza kuanzia Oktoba na salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, inatakiwa shambani kuanzia Mei Juni. Yaani tunauza dola ikiwa rahisi na tunanunua dola ikiwa ghali, kila mwaka, na dola zetu sisi wenyewe ni sehemu ya kinachoishusha.

Ninachotaka mimi: kwenye kila karatasi ya matokeo ya mnada, pembeni ya bei ya shilingi, iandikwe bei ya dola ya Benki Kuu ya siku ile. Mkulima ajue kilichoshuka ni korosho yake au ni dola. Karibuni tujadili.

Muuza vipuri (Lindi mjini)

Kaka umeongelea mkono unaouza, mkono unaonunua umeuacha. Mimi naleta vipuri vya pikipiki na bajaji, 2023 mpaka katikati ya 2024 dola ilikuwa haipatikani, unaenda benki unaambiwa subiri, unasubiri wiki, wa jumla naye anakupandishia kila ukipiga simu maana hajui mzigo ujao ataulipia kwa shilingi ngapi. Huyo mkulima wako anayelilia 375 ndo huyohuyo anapanda bodaboda, anawasha pampu ya kupulizia, anakula dawa za presha zilizotoka India, mwanae anavaa sare iliyoshonwa kwa kitambaa cha nje. Bei za mafuta EWURA (wadhibiti wa nishati) wakitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, bei ya dola imo mle ndani, na hii ya Mtwara inatangazwa kivyake kwahiyo nendeni mkaangalie wenyewe.

Na salfa hata ikigawiwa bure kwa ruzuku haikuokotwa, mtu kailipia kwa dola. Madeni ya taifa nayo sehemu kubwa ya deni la nje ni dola, shilingi ikilegea tunatafuta shilingi nyingi zaidi kulipa deni lilelile, na hizo shilingi ni kodi yangu na yako. Mimi shilingi ikipanda nashukuru.

Mzee wa Nachingwea

Wajukuu zangu, naona mnabishana shilingi kali au shilingi dhaifu kama kwamba kuna moja iliyo nzuri siku zote. Sisi tuliishi na shilingi kali ya kupangwa na serikali, ngojeni niwaambie ilivyokuwa.

Msimu wa 1973/74 nchi hii ilitoa korosho karibu tani 145,000. Kufika 1986/87 tulikuwa chini ya tani 17,000. Sababu ni nyingi, watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa mikorosho ikabaki porini, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia na salfa hakuna, bodi ya serikali iliyonunua korosho inalipa inavyotaka. Lakini moja ya sababu ni hiyo hiyo ya dola. Bei ya dola ya serikali ilishikiliwa chini mno, ya mtaani iko juu mara kadhaa, kwahiyo kila kilo iliyouzwa nje mkulima alirudishiwa shilingi kidogo kwa bei ya serikali, halafu dukani sabuni hakuna na ikiwepo ni ya magendo kwa bei ya mtaani. Nani angepalilia? Watu waliacha mikorosho ikaota msitu.

Mwalimu Nyerere aligombana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, kuanzia 1979 maana walitaka shilingi ishushwe na matumizi ya serikali yakatwe, akahoji nani aliwapa kazi ya kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima, na mimi mpaka leo nasema alikuwa na haki ya kuuliza. Mzee Mwinyi aliyempokea urais akasaini nao 1986, shilingi ikashushwa. Kwa watu wa mjini ilikuwa maumivu, shule na hospitali zikaanza kuchangiwa. Kwa mkorosho ilikuwa afadhali. Yote mawili ni kweli na nimeyaona kwa macho.

Halafu mkitaka kujua fedha za dunia zilifika lini Kusini, angalieni bandari ya Mtwara ilijengwa kwanini. Uingereza baada ya vita ilikuwa imefilisika dola. Marekani iliwakopesha dola bilioni 3.75 mwaka 1946 kwa sharti kwamba pauni iwe huru kubadilishwa kuwa dola, wakairuhusu Julai 1947, watu wote wakakimbilia dola, Agosti wakafunga mlango. Mafuta ya kupikia walikuwa hawana na dola za kununulia hawana, ndo maana tangu mwanzoni mwa 1947 walishakuja kulima karanga kwenye himaya yao wenyewe ambako wanalipa kwa pauni, Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea, wakajenga reli mpaka Mtwara na gati ya kina kirefu. Januari 1951 wakautangaza mradi umekufa, pauni milioni 36 zimepotea. Reli iling'olewa, gati ndo hiyo mnayopakilia korosho. Kwahiyo uhaba wa dola wa London ndo uliowajengea bandari.

Mvushaji (Masasi)

Heshima kwako mzee. Mimi nafanya biashara ya kuvuka daraja la Mtambaswala mpakani, naona nyie wote mnaotamani bei ya dola isimame mahali pamoja mngeenda mkaone Msumbiji. Metikali yao imekaa karibu 64 kwa dola tangu 2021, haitikisiki, kwenye karatasi ni pesa tulivu kuliko yetu. Lakini ukitaka hizo dola benki hazipo, unazungushwa, wafanyabiashara wanalia. Bei ikizuiwa kusogea, kinachosogea ni foleni. Bora ya kwetu hii inayopanda na kushuka ila dola unaipata.

Kijana wa chuo (Mtwara)

Mimi nauliza swali la msingi zaidi na naomba nisionekane mkorofi. Kwanini sisi na Mhindi tuuziane korosho kwa dola ya Marekani? Mmarekani hapo anahusikaje? Hana shamba Newala na mnunuzi hayuko New York.

Tulifundishwa darasani kwamba 1944 nchi 44 zilikaa Bretton Woods kule Marekani wakakubaliana fedha zote zifungwe kwenye dola na dola ifungwe kwenye dhahabu, dola 35 kwa aunzi. Nixon akakata hiyo kamba Agosti 1971. Dhahabu ikaondoka, dola ikabaki. Zaidi ya miaka hamsini dunia inatumia noti ya nchi moja kupimia mali za wote, na benki kuu ya hiyo nchi ikipandisha riba kama ilivyofanya 2022 pesa zinakimbilia kwao na huku kwetu dola inaadimika, uhaba wa 2023 anaousema dada wa vipuri ulianzia hukohuko kwa kiasi kikubwa. Kura zao IMF ni zaidi ya asilimia 16 na maamuzi makubwa yanataka asilimia 85, maana yake wakikataa peke yao haipiti.

India Benki Kuu yao ilifungua njia ya kulipana kwa rupia mwaka 2022, na 2023 Tanzania ilikuwemo kwenye orodha ya nchi 18 ambazo benki zake ziliruhusiwa kufungua akaunti za rupia. Sisi tunanunua kwao bajaji, dawa, mafuta yaliyosafishwa, mashine. Korosho iende, rupia ije, rupia inunue bajaji. Dola ya nini?

Mtoa mada (Mtwara)

Hoja yako naipenda ila imepita juu ya kitu kimoja. Hata mkilipana rupia, bei ya korosho duniani inasomwa kwa dola, na Mvietinamu ambaye ni mnunuzi mkubwa hana shida na rupia. Kwahiyo mkulima atakuwa amebebeshwa dola na rupia kwa pamoja, fedha mbili za kuziogopa badala ya moja. Kwa anayeagiza bajaji inaweza kuwa nafuu kweli, kwa mnada wa Newala sioni inavyosaidia kwa sasa.

Dada wa vipuri sijakukatalia. Mimi sisemi shilingi ishushwe kwa makusudi, aliyosema mzee yanatosha kuonyesha serikali ikipanga bei ya dola anayelipa ni mtu wa mwisho kabisa. Nasema tu faida yako na hasara yangu zitoke mfuko mmoja tuzione, tusipigiane makofi kana kwamba wote tumeshinda.

Katibu wa chama (Tandahimba)

Naomba niongee kama mtu anayekaa mbele ya wakulima siku ya mnada, maana nyie mnaandika na mimi ndo napigiwa kelele.

Kwanza kanuni za Machi 2025 zimekataza kupanga bei za bidhaa ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, mkiniletea karatasi yenye dola mnanitafutia matatizo. Pili mnakumbuka 2018. Mwaka uliotangulia watu walipata zaidi ya elfu nne, 2018 soko la dunia likashuka, wanunuzi wakaja na bei chini ya elfu tatu, wakulima wakagoma, Rais Magufuli akasema serikali itanunua yote kwa 3,300 na malori ya jeshi yakaja kubeba. Malipo yalivyosuasua mnayajua, wengine walisubiri mpaka wakauza mbuzi. Sasa ukimpa mkulima namba ya dola kila wiki, wiki ikishuka atasema tusiuze tusubiri, wiki ikipanda atasema tumeuza mapema. Minada yote itakuwa ya kususia. Na korosho ghalani inavuta unyevu, haisubiri dola.

Mtoa mada (Mtwara)

Kaka katibu nakuheshimu kwa kazi yako ila hapo nakupinga waziwazi. Sijaomba bei ipangwe kwa dola, bei inabaki shilingi na malipo shilingi. Nimeomba taarifa, na bei ya dola ya Benki Kuu inatangazwa kila siku ya kazi, ni ya umma, sheria haikatazi kuibandika ukutani. Na 2018 ndo mfano wangu kabisa, watu waligoma kwasababu hakuna aliyewaonyesha soko la dunia limeshuka, walidhani wanaibiwa. Mnunuzi anaijua namba, benki inaijua, wewe ukitaka unaijua, anayeifichwa ni yule aliyepalilia. Akiamua kukataa bei baada ya kuiona hiyo ni haki yake kwenye mali yake.

Katibu wa chama (Tandahimba)

Haki yake ndiyo, ila gharama ya ghala ni ya wote. Nitaipeleka kwenye mkutano mkuu, na nitasimama kuipinga hukohuko mbele ya wanachama, wao wapige kura.

Mkulima wa ufuta (Liwale)

Mnaongea korosho tu kama Lindi hatupo. Sisi ufuta minada yetu inaanza kwenye mwezi wa tano mwishoni na wa sita, yaani kipindi hichohicho anachosema mtoa mada dola iko juu. Kwa maelezo yake sisi ndo tunaouza dola ikiwa ghali, halafu ikifika Oktoba nanunua mabati na saruji shilingi ikiwa imekaza. Kwahiyo mimi mwenye ekari za ufuta na mikorosho michache nyuma ya nyumba nipo pande zote mbili za huu ugomvi. Hiyo karatasi ya dola mimi naitaka, ila iwepo kwenye minada ya ufuta pia, tuanze mwezi wa tano tuone kama watu watasusa kweli kama anavyosema katibu. AMCOS gani ya Liwale iko tayari?