Nikiandika "wasiwasi" kwenye faili, nimemfunga daktari macho?

Muuguzi_Zamu: Shikamooni wakuu. Kazi yangu ni kupokea wagonjwa wa dharura na kupanga nani aonwe kwanza. Mtu anakuja anahema, anatetemeka, anasema anakufa. Nikiandika "wasiwasi", neno hilo linaandamana naye hadi wodini, kila zamu inaanzia hapo. Mapigo ya moyo 118 kwa dakika na oksijeni ya damu asilimia 92 nimeziandika chini yake, lakini hakuna anayezigusa. Niache kuandika ninachohisi?

DaktariMzee: Marahaba. Kuhisi usiache, ila jina la ugonjwa lisitangulie. Anza na "kuhema kumeanza ghafla, 118, 92". Nikisoma hivyo, wazo la kwanza ni damu iliyoganda mapafuni, na ugonjwa huo nao humtia mtu hofu ya kufa. Wanasaikolojia Tversky na Kahneman walionyesha mwaka 1974 kwamba makisio ya watu huvutwa na namba waliyoanza nayo, hata ikiwa imetoka kwenye gurudumu la bahati nasibu. Sasa mimi nitavutwa kiasi gani na maandishi ya muuguzi ninayemwamini!

UsikuKucha: Napinga kidogo. Foleni ikijaa, bila njia za mkato hatumalizi. Tena muuguzi mzoefu akiniandikia "huyu sijampenda hali yake", nainuka kitini hapo hapo. Hiyo si hisia?

Msoma_CT: Ni hisia, lakini inafungua mlango. "Wasiwasi" inaufunga. Kwetu wasoma picha kuna jaribio la 2013: wataalamu 24 walitafuta vivimbe kwenye picha za mapafu zilizopachikwa picha ya gorila. 20 hawakumwona, na zaidi ya nusu ya hao macho yao yalipita palepale alipo. Walikuwa wanatafuta vivimbe, basi. Ila msiniletee fomu ya kuomba picha ikiwa tupu kwa kuogopa kunipotosha, maana bila swali sijui pa kukazia macho.

Muuguzi_Zamu: Nimeelewa, vipimo kwanza, dhana baadaye. Na yule ambaye faili lake zima limejaa "wasiwasi" tangu zamani?

DaktariMzee: Huyo ndiye wa kuangaliwa mara mbili. Mwulize kama ya leo inafanana na zile za nyuma, wengi hujua tofauti. Halafu mpandishe suruali uone miguu, maana damu ile ya mapafuni mara nyingi huanzia kuganda huko. Mmoja ukiwa umevimba kuliko mwenzake, andika juu kabisa ya ukurasa, tena nipigie simu.