TAZARA mpaka Mang'ula halafu kupanda Udzungwa, nani kashafanya?

Wakuu habari za jioni. Mimi na mdogo wangu mwezi wa saba tunataka tutoke Dar na treni ya TAZARA tushuke Mang'ula, tubebe mabegi mgongoni tuingie Udzungwa tulale porini siku mbili tatu. Basi najua lipo na linawahi ila mi nataka ile ya kukaa dirishani naangalia twiga kule Selous, siku hizi wanapaita Hifadhi ya Nyerere. Swali, tukishuka tu tunaunganisha msituni au kuna mlolongo? Msinicheke, mie mtoto wa Temeke mlima mrefu niliowahi kupanda ni daraja la Mfugale.

Mzee wa Behewa:
Hahaha sasa hapo Mfugale ndo stesheni yenyewe ilipo, usije ukaenda kule town kwa SGR, ile ni ya Moro na Dodoma. Kabla ya kukata tiketi ulizia kama treni hiyo inasimama Mang'ula, sio zote zinasimama vituo vidogo. Halafu kama mdogo wako ni wa kike jua mtatenganishwa, ke na me hawalali chumba kimoja labda mkate chumba kizima, first vitanda vinne, second sita.

Kibuyu:
Kuunganisha futa kabisa mkuu. Ikitoka Dar alasiri Mang'ula unashuka usiku, tafuta gesti ulale, asubuhi ndo uende getini kwa TANAPA, wale wa hifadhi za taifa. Mle ndani hakuna barabara ya gari, ni miguu tu, na huingii mwenyewe, mnapewa wa kuwaongoza na kama mnalala porini anakuja askari na bunduki yake maana tembo na nyati wapo. Kilele cha Mwanihana ni siku tatu, kama kilometa 38 kwenda na kurudi, sio ya kujaribia miguu. Anzeni na Sanje mnarudi siku hiyohiyo, maporomoko yana mita 170, ukifika juu maji yanapita hapo pembeni yako halafu yanapotea tu mbele, chini huko unaona miwa ya Kilombero mpaka macho yanachoka.

Mama Chapati:
Yaani hakuna aliyetaja ruba?? Mi nilienda mwezi wa nne, masika, ujinga wangu mwenyewe, na soksi fupi. Nahisi kitu kimelowa kwenye kiatu nikajua jasho, kuvua hivi ni damu na lidude limenona kama zabibu. Wala hauskii linavyong'ata! Vaa soksi ndefu suruali iingie ndani ya soksi, beba chumvi kwenye kimfuko. Mwezi wa saba pakavu kidogo watapungua.

Mleta mada:
Asanteni sana, Sanje kwanza basi. Mdogo wangu ni wa kike na ndo kamaliza kusoma hapo kwa Mama Chapati, anasema yeye treni anapanda ila mlimani atanisubiri gesti.