Kilomita 1,609 ndani ya saa 24: mpango wangu una kasoro wapi?

Njia Ndefu

Wakuu, habari za barabarani. Najiandaa kwa SaddleSore 1000 ya Iron Butt Association, chama cha waendesha pikipiki wa masafa marefu, yaani maili 1,000 ndani ya saa 24. Pikipiki ni silinda mbili, cc 650, inatumia cheni, tenki lita 20, na inakula lita 5 kwa kila kilomita 100 nikishikilia kilomita 110 kwa saa.

Njia ni barabara kuu moja, kwenda na kurudi, jumla kilomita 1,615 kwa odometa (kipima umbali cha pikipiki). Nataka kushikilia 120 mwanzo mwisho, niondoke saa moja jioni ili nikwepe jua. Nafikiria pia kufunga tenki la ziada wiki ya mwisho ili nipunguze kusimama.

Naombeni mnikosoe bila kunionea haya. Ushahidi unaokubalika ni upi hasa? Na kuna faida gani ya kwenda na klabu badala ya peke yangu?

---

Mapito

Karibu mkuu. Kasoro ya kwanza iko kwenye hizo kilomita 1,615. Odometa za pikipiki nyingi husoma zaidi ya umbali halisi. Ikizidisha asilimia 2 tu, utakuwa umetembea kama 1,583 na safari nzima imekwenda bure. Tena wahakiki wa chama hawategemei odometa yako. Wanachukua risiti zako, wanachora upya njia kwenye ramani, na kati ya risiti mbili wanahesabu njia fupi inayowezekana. Kwa hiyo pima kwenye ramani, si kwenye dashibodi, na uache akiba: lenga 1,650 hadi 1,660.

Kwa njia ya kwenda na kurudi, risiti ya pale unapogeuzia ndiyo roho ya safari. Ukigeuza bila risiti, hakuna kitu kinachoonyesha kwamba ulifika pale. Kwa njia ya mzunguko, kila kona ambapo mtu angeweza kukatisha inahitaji risiti yake.

Risiti inayofaa ina tarehe, saa, na jina la mahali. Isome ukiwa bado umesimama kando ya pampu. Mashine nyingine saa yake iko nyuma, nyingine huchapa anwani ya makao makuu ya kampuni badala ya kituo ulichopo. Ukikuta hivyo usibishane na mhudumu, nunua maji duka la jirani au chukua risiti ya mashine ya benki hapohapo, uziambatanishe zote mbili. Andika nyuma yake namba ya odometa, kisha ipige picha ikiwa juu ya dashibodi. Karatasi hizi hufutika kwa joto, na ukiziweka mfuko wa jaketi ulio karibu na injini unaweza kufika na karatasi nyeupe. Bahasha ya plastiki ndani ya begi la tenki inatosha.

Saa yako inaanza kuhesabiwa kwenye risiti ya kwanza na inakoma kwenye ya mwisho. Basi jaza mafuta ukiwa umeshavaa kila kitu, mizigo imefungwa, tayari kuondoka. Ukiweza, tafuta pia shahidi wa kutia saini mwanzo na mwisho.

---

Hesabu ya Tenki

Nakamilisha alipoishia Mapito, maana hiyo 120 ndiyo inayonitia wasiwasi.

Kilomita 1,609 kwa saa 24 ni wastani wa 67 tu. Ukiingia barabarani na wastani wa 95 ukiwa unatembea, kilomita 1,660 zinakuchukua kama saa 17 na nusu. Zinabaki saa 6 na nusu za kusimama. Muda upo mwingi, tatizo ni namna unavyovuja.

Angalia hesabu hii. Kipande cha kilomita 300 kwa 110 ni saa 2 na dakika 44. Kwa 120 ni saa 2 na nusu. Umeokoa dakika 14, ambazo unazimaliza kwenye kituo kimoja ukitafuta pochi huku glavu zimekushinda kuvua. Wakati huohuo upinzani wa hewa umepanda karibu asilimia 19, kwa sababu unakua kwa mraba wa mwendo. Matumizi yakipanda kutoka lita 5 hadi 5.6, lita 18 unazoweza kuzitegemea zinakupa kilomita 320 badala ya 360. Umelipa kwa mafuta, kwa uchovu wa shingo, na huenda ukaongeza kituo kizima.

Mafunzo yafanye kwenye kituo cha mafuta. Mpangilio uwe uleule kila mara: simamisha pikipiki wima (ikilala kwenye stendi ya pembeni tenki halijai vizuri), jaza bila kufika shingoni, chukua risiti, isome, iandike, ipige picha, ihifadhi, kunywa maji, msalani, ondoka. Kadi na kalamu zikae mfuko mmoja usiobadilika, wenye zipu. Dakika 12 zinatosha. Kwa vipande vya kilomita 330 una vituo vinne njiani na kimoja cha kumalizia. Panga kituo mbadala kilomita 40 hadi 50 kabla ya kila kituo chako kikuu, kwa sababu usiku vingine hufungwa.

Tenki la ziada kwa maili 1,000 halihitajiki. Mwili wako utakudai usimame kabla tenki halijaisha. Vitu hivyo vina maana kwenye mashindano ya Iron Butt Rally, siku 11, maili kama 11,000, na hata huko kuna kikomo cha galoni za Marekani 11.5 kwa jumla ya mafuta yote, sawa na lita 43.5 hivi.

---

Fundi Cheni

Naunga mkono, ila sababu yangu ni nyingine. Usifunge chochote kipya wiki ya mwisho. Tenki la ziada lina mpira wa kupitisha mafuta, klipu, vali na tundu la kupumulia. Mpira ukigusa fremu utatoboka kwa mtikisiko, na tundu likiziba injini inakosa mafuta huku tenki limejaa. Matengenezo yote yaishe wiki mbili kabla, halafu utembee kilomita 500 kwa siku moja ukiwa na mizigo yote. Kilicholegea kitajitokeza hapo.

Cheni. Zungusha gurudumu polepole na upime ulegevu sehemu nne. Sehemu moja ikiwa imekaza na nyingine inalegea kwa tofauti ya milimita 10 au zaidi, cheni hiyo imekwisha, badilisha pamoja na sproketi zote mbili (magurudumu ya meno yanayobeba cheni). Ukiona vumbi la rangi ya kutu kwenye viungo, au kiungo kinachobaki kimepinda baada ya kupita sproketi, grisi ya ndani imeshatoka. Mafuta ya juujuu hayairudishi.

Rekebisha ulegevu kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, ukipimia pale palipokaza zaidi. Watu wengi huikaza kupita kiasi wakidhani wanazuia isichomoke. Mizigo ikikaa, gurudumu la nyuma linapanda, na cheni hukaza zaidi pale sproketi ya mbele, egemeo la mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Isipokuwa na nafasi hapo, inavuta shafti ya gia, inaua beringi na sili, na utaona oili inavuja nyuma ya sproketi ndogo. Paka mafuta kila kituo cha pili, cheni ikiwa ya moto, injini imezimwa, upande wa ndani wa mstari wa chini, ukizungusha gurudumu kwa mkono.

Tairi: pima upepo likiwa baridi, asubuhi, kwa kiwango cha mzigo. Ukipima likiwa moto utaona limezidi, utapunguza, kisha utaenda na tairi laini linalochemka. Beba plagi za pancha na pampu ndogo ya umeme, na ujaribu nyumbani kama waya unafika gurudumu la nyuma.

Oili: mwendo mkubwa mfululizo huila hata kwenye injini isiyo na tatizo. Itazame kila kituo cha pili na ubebe nusu lita ya aina ileile.

---

Njia Ndefu

Asanteni sana, wakuu. Tenki la ziada nimelifuta, njia nimeipanua hadi 1,658 za ramani, na nimeshusha mwendo. Bado suala la usingizi. Jioni haifai? Na kahawa niitumieje?

---

Taa za Usiku

Jioni haifai kabisa, mkuu. Utakuwa umeamka asubuhi, umeshinda mchana kutwa, halafu unaingia saa nane usiku hadi kumi na mbili alfajiri, muda ambao mwili unadai usingizi kuliko wakati mwingine wowote, ukiwa macho karibu saa 20. Ondoka saa kumi alfajiri baada ya kulala vizuri usiku mbili mfululizo, si mmoja. Kwa hesabu ya hapo juu, ukiongeza mapumziko, utamaliza karibu saa sita usiku, na saa nne zimebaki mkononi kama akiba.

Kahawa achana nayo siku kadhaa kabla, ili ikija kutumika ifanye kazi. Huchukua kama nusu saa kuanza. Kunywa, lala dakika 15 hadi 20 ukiwa umeweka kengele, uamke nayo inaanza. Usivuke muda huo, ukiingia usingizi mzito utaamka mzito zaidi.

Dalili za kusimama mara moja: umesahau kuzima indiketa, mwendo unapanda na kushuka bila sababu, hukumbuki kilomita tano zilizopita, unahisi baridi ilhali hali ya hewa haijabadilika. Moja tu ikitokea, toka barabarani. Saa hizo nne za akiba ni za kazi hiyo, na kuacha safari katikati hakuna aibu yoyote.

Kalio linaumia zaidi kwa mishono kuliko kwa siti. Vaa nguo ya ndani ya kubana isiyo na mshono chini, wala isiwe pamba, maana pamba hushika jasho na kuchubua. Siti laini sana inadidimia na mifupa inagota chini; ngumu kiasi ni bora.

Vaa viziba masikio tangu kilomita ya kwanza, kelele za upepo zinachosha kabla hujajua. Na joto likizidi 35, funga matundu ya jaketi na ulowanishe fulana ya ndani. Upepo wenye joto kuliko ngozi unakuongezea joto, haukupoozi. Maji yawe na chumvichumvi, kwenye mfuko wa mgongoni wenye mrija, unyonye kidogokidogo ukiwa unaenda.

---

Mapito

Swali la klabu lilibaki. Kundi linafaa kwa kujifunza, kupata mashahidi na kusindikizana mwanzo. Uingereza, kwa mfano, waendeshaji wa Royal British Legion, shirika la hisani la wanajeshi na maveterani, huandaa RBLR 1000, maili 1,000 ndani ya saa 24, ya kuchangisha fedha. Ila ukiwa barabarani, kila pikipiki ina tenki lake na kila mwili una wakati wake wa kwenda msalani. Wanne wakisimama pamoja, dakika 12 zinakuwa 30. Kama lazima muwe kundi, wawe wawili wenye tenki zinazolingana, na mkubaliane kabla ya kuondoka kwamba mmoja akisimama kulala, mwingine anaweza kuendelea. Risiti kila mtu achukue zake mwenyewe, kila kituo.