Tupeane uzoefu: bongo, obushera na bakteria wazuri wa tumbo

Uzi huu ni wa wanaogandisha maziwa kuwa bongo (mtindi) na kuchachusha obushera (uji wa mtama uliochachuka) nyumbani. Kwamba vinafaa tumbo, tumeshasikia. Andikeni kiasi, joto, muda, na pale mambo yanapoharibika.

Mama Bongo, Mbarara
Kwa lita 5, pasha maziwa hadi yakaribie kuchemka, nyuzi 85 hivi, uyashikilie hapo dakika 20 ukikoroga yasishike chini. Joto hilo hubadilisha protini, mgando ukawa mzito. Maziwa ya vuguvugu hutoa mtindi mwepesi wenye maji juu. Tumbukiza sufuria kwenye beseni la maji baridi mpaka nyuzi 42 hadi 45. Kama huna kipimajoto, dondoshea tone ndani ya kiganja karibu na mshipa: likupashe, lisikuunguze. Wengi huharibu hapa. Yakiwa moto mno bakteria wanakufa, yakipoa mno wale wa nje wanatangulia na maziwa yanavutika kama kamasi.

Tia vijiko vikubwa 2 vya mtindi mpya kwa kila lita, au chachu ya unga kwa kipimo cha pakiti. Funika, zungushia blanketi, weka kwenye kikapu chenye majani makavu ya mgomba. Yaache kwa muda wa saa 6 hadi 8, bila kutikisa. Yakiganda, yapoze mara moja, la sivyo yanazidi kuwa makali.

Dada wa Busia
Mama, nimefuata joto lote na bado ni maji matupu?

Daktari wa Mifugo, Kiruhura
Dada, shuku maziwa yenyewe. Ng'ombe aliyetibiwa kiwele kwa penisilini hutoa maziwa yenye dawa, na kuchemsha hakuiondoi yote. Dawa hiyo inaua chachu yako. Muulize muuzaji kama muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa ya dawa ulikwisha. Maziwa yaliyotiwa vitu ili yasichache njiani nayo hugoma vivyo hivyo.

Tena, bongo ya maziwa yasiyochemshwa msiitegemee. Uchachu hauhakikishi kuua vijidudu vya bruselosi (homa inayotoka kwa mifugo) wala vya kifua kikuu cha ng'ombe.

Mtaalamu wa Maabara, Kampala
Kuhusu chachu: ile ya chapa ya Yoba inayouzwa Uganda ina bakteria wawili, Lactobacillus rhamnosus na Streptococcus thermophilus. Huyo rhamnosus ni wa ukoo wa GG, uliopewa herufi hizo kwa majina ya Gorbach na Goldin waliomtenga miaka ya 1980. Peke yake hawezi kula sukari ya maziwa, kwa hiyo mwenzake humtangulia kuivunja. Ndiyo maana sipendi kurudia mbegu ya mtindi wa jana tena na tena: uwiano unavurugika. Mara mbili tatu inatosha, kisha fungua pakiti mpya.

Mukiga wa Kabale
Obushera: pika uji wa mtama, vikombe 2 vya unga kwa lita 3 za maji, upoe mpaka uwe vuguvugu. Koroga humo nusu kikombe cha unga wa kimea. Uji mzito utalegea mbele ya macho yako. Funika siku 1 au 2. Ukikaa zaidi hamira inaingia na unakuwa pombe, wa mtoto usiwe huo. Kimea kikiota ukungu, tupa, maana sumu yake haiishi kwa kuchemsha.

Ukiuchemsha tena baada ya kuchacha, unabaki na uchachu tu, bakteria hai hawapo.

Nesi, Arua
Anayemeza antibayotiki aache saa 2 kati ya kidonge na mtindi. Mtoto mwenye kuhara apewe ORS (unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini), pakiti kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, na zinki: miligramu 20 kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 kama yuko chini ya miezi 6. Mtindi haushiki nafasi ya hivyo. Damu kwenye choo, macho yaliyobonyea, au mtoto hawezi kunywa: zahanati leo hii. Mgonjwa wa saratani anayetibiwa, au mwenye kinga iliyoshuka sana, amuulize daktari kwanza.